Nilimjazia Gedion Risasi Zangu za Zamani Bila Kumwambia

Bi Zulekha, mwanangu, salamu nyingi, na baada ya salamu nina neno limenikaa kifuani, nami si mtu wa kuomba ushauri, mimi ni Boga wa Kikoneni, uliza hata Majoreni watakwambia nani alimwangusha nyati aliyemkanyaga mwalimu, risasi moja tu, na shule sikwenda ila chuo cha Kurani miaka miwili kwa hiyo maandishi yangu unisamehe.

Kuwinda kulikatazwa zamani lakini nyati akiingia mashambani afisa wa wanyama hutuita sisi walinzi wa ranchi, na bunduki yetu ni moja, na mwenye kuitunza na kuijaza ni mimi. Mwaka huu tukaletewa risasi mpya za shaba, eti bora kuliko zangu za shaba za zamani nilizozihifadhi kwenye bati la biskuti, nikazitazama, zimechongwa mifereji kiunoni na ncha ni ya plastiki, nikasema hili ni pambo la harusi. Gedion, kijana wa Kitui tunayefanya naye kazi, akanieleza kwa adabu kwamba ile ncha huisukuma shaba ifunguke ikishaingia mwilini, na mifereji hupunguza shaba kuganda ndani ya mtutu, na zangu kitundu chake cha mbele ni chembamba, mara hufunguka mara hazifunguki. Nikamwambia nilikuwa nikiwinda baba yako hajaota ndevu.

Basi mwezi uliopita nyati akaingia shamba la Katana, zamu ya kupiga ni ya Gedion, na mimi asubuhi ile nilikuwa nimeijaza bunduki zile zangu, sikumwambia mtu, nilitaka nyati aanguke kisha niwaonyeshe ganda la risasi yangu wanyamaze. Gedion akampiga nyuma ya bega, pahali penyewe hasa, nikaona kwa macho yangu, na nyati akaondoka kama aliyechomwa sindano, risasi imetokea upande wa pili vile vile ilivyoingia, haikufunguka. Tulimfuata kwa damu siku mbili, na kabla hatujammaliza alikuwa amemvunja Katana nyonga.

Wote wakasema Gedion mkono wake mbovu, nami nikanyamaza. Juzi akanijia akaniambia, "Mzee, nimeirudia ile shabaha kichwani kila siku, sioni kosa. Labda macho yangu yameanza kuharibika."

Alhamisi meneja wetu, Bi Roselyne, anakaa kikao cha kumwachisha Gedion kazi, na mke wa kijana ndiyo kwanza amejifungua. Sasa nauliza, si huenda hata risasi mpya ingepita vile vile? Na nikisema, jina langu litakuwaje?

JIBU

Shikamoo baba. Umeanza na risasi ili nisilione lile jingine, basi tuanze na risasi. Nimemuuliza mjuzi. Za zamani ziliangusha wanyama wengi, wako wamo, ila huchagua siku. Mpya hazina miujiza, lakini hufunguka kwa uhakika zaidi, na bunduki iliyorekebishwa shabaha kwa aina moja ya risasi haijazwi aina nyingine bila kujaribiwa upya. Hilo unalijua kuliko mimi. Mpya ingepita? Huenda. Hatutajua, kwa sababu ulificha.

Kupenda vitu vyako vya zamani sikulaumu. Nakulaumu kwa kumwacha kijana ayashuku macho yake, nawe uliyaona yakilenga sawa. Watu wamwite mbovu, na shahidi wake umekaa kimya unahesabu sifa! Aibu, baba.

Usingoje Alhamisi. Nenda kwa Gedion kwanza, nyumbani kwake, mkewe akisikia. Kisha kamwombe Katana radhi. Kisha kwa Bi Roselyne, umkabidhi risasi zako zote na useme ulivyoniandikia mimi. Ukinyang'anywa ufunguo wa sanduku la bunduki, kubali. Lakini nyati aliyejeruhiwa mlimfuata siku mbili, na nadhani katika kikosi chote hakuna asomaye damu kwenye majani kama wewe. Omba uachiwe uwafundishe hilo. Jina lako litapona huko.

Gedion atakasirika, ana haki. Mpe muda, kijana anayekueleza kwa adabu hana roho ya kinyongo. Nenda leo, kabla mkewe hajaanza kufunga mizigo.