Mheshimiwa Anayepungia Magari

Mdogo wangu Lusekelo,

Huku Bowie, Marekani, tu wazima, ila baridi haina adabu. Jirani yetu ni mzee wa Bangladesh. Kwao alikuwa mbunge, akawa waziri, akafungwa, akatoka jela akashinda tena. Sasa mwanawe kamleta huku, na huku bila gari huendi popote. Anashinda barazani anapungia kila gari mkono kama anaomba kura. Nikamtania, "Mheshimiwa, nani atakuchagua hapa?" Akacheka tu, Kiswahili hajui.

Jana nilijikuta nami nimekaa pembeni yake, napunga.

Kila nikitaka kurudi Tukuyu, mwanangu Anitha anasema mwakani. Wewe ni mjomba wake, hawezi kukukatalia. Mpigie, mwambie umeniita. Acha woga wako wa utotoni.

Dada yako, mwenye miguu mizima bado,
Subilaga