Rahmah na Lile Jiwe la Austria

Kyebando, 8 Juni 2025

Mjukuu wangu Rahmah,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, labda wewe ndo unaumwa tumbo na yale maziwa magumu ya Wazungu. Mama yako Rukiah mzima, anasuka tabaga mpya ya kufunikia chakula, na mimi pia ananisuka kwa maneno. Goti langu la kushoto linalia mvua ikikaribia. La kulia bado kijana, linatafuta mke.

Uliniuliza kwa nini situmi sauti kwa simu kama wazee wengine. Nimekataa. Sauti inatoa siri za mtu bila ruhusa yake. Mimi nitaandika, kidole moja, polepole, na wewe utangoja. Darasa sikuingia, unajua. Herufi alinifundisha Koplo Ogwal pale geti ya kambi, Makindye, wakati nawapelekea ndizi kwa baiskeli. Alikuwa ananisomesha maandishi ya magunia. Kwa hiyo nikikosea, usicheke mimi, cheka jeshi.

Hapa stage ya boda, pale pikipiki zinapongoja abiria, wote wana habari. Nimewaambia Wazungu walizunguka Afrika yote wakitafuta miguu ya kushinda mlima kwa baiskeli, wakaikuta Kyebando, kwa mtoto wa miaka kumi na tisa, na ile miguu ameitoa kwangu. Abubaker, yule wa pikipiki nyekundu, akauliza, "Mzee, kwani wewe ulishinda mlima gani?" Nikamwambia, uliza mlima gani uliponyoka. Nilishuka Kisoro kwa baiskeli na magunia mawili ya viazi, mvua, ukungu, chui anakimbia mbele yangu. Mwisho chui mwenyewe akasimama kando nipite.

Sasa hii sio mzaha. Kumbuka vile nilikufundisha kwa mteremko wetu hapa. Ukiogopa, finya mkono wa kushoto. Kushoto ni breki ya nyuma, haitupi mtu. Kulia ni ya mbele, hiyo ni ya wendawazimu.

Siku ya mashindano nitanunua mandazi niwape watoto wa mtaa, sadaka ya safari yako. Usianguke, mandazi zimepanda bei.

Babu yako,
Abdunoor


Uswisi, 16 Juni 2025

Babu yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Shikamoo, na goti lako la kushoto shikamoo. La kulia liambie litulie. Mama mwambie nakula vizuri, na nguo ya kubana navaa chini ya ile kubwa, kitambaa nafunga ndani ya helmeti, hakuna anayenisumbua.

Huku jua halitaki kwenda kulala. Milima inasimama karibu mpaka unahisi inakusikiliza. Tumekaa kwa klabu ya hapa, mimi na wasichana kutoka nchi nyingine. Baiskeli wametuazima wao. Babu, yangu unaiinua na vidole viwili. Ile nyeusi yako ungeiweka mbele yake ingeona haya.

Mashindano ya kwanza yalikuwa jana. Ni msituni, juu ya mizizi na mawe, kupanda na kushuka, raundi kwa raundi. Kwa kupanda nilipita wengi. Kwa kushuka wengi wakanipita. Nilimaliza katikati. Watu wanasimama kando wanapiga kengele za ng'ombe, nikafikiri ng'ombe wamevamia njia.

Kocha Okidi aliyenileta amerudi Kampala, anaweza kupita nyumbani kuwasalimu. Tumebaki na walimu wa hapa. Jumapili ijayo tunashindana tena.

Mjukuu wako,
Rahmah


Kyebando, 26 Juni 2025

Rahmah,

Salaam aleikum. Sisi wazima. Wewe sijui.

Jumapili imepita na watoto wamekula mandazi mpaka wanalamba karatasi. Barua yako hakuna. Jana Okidi amekuja hapa, amekaa kwa kiti cha mama yako, amekunywa chai yote, ndo akasema, "Rahmah ameanguka kidogo." Nikamuuliza kidogo ni kiasi gani. Akasema kidogo tu, mzee. Mama yako akaacha kusuka.

Mimi nimemwambia Rukiah watu wa mlima wanaanguka kila siku, mimi mwenyewe nilianguka Kabale nikateleza mpaka karibu Rwanda wanidai pasi. Alicheka. Lakini usiku nasikia anatembea.

Niambie kidogo ni nini. Iko mguu? Iko kichwa? Meno zote ziko?

Babu yako


Uswisi, 28 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Meno ziko zote. Wamenishona kidevu, na bega limevimba lakini mfupa haukuvunjika. Mama umwambie kidevu tu. Bega usimwambie.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana wewe ndo utaelewa. Huku breki zimegeuzwa. Kushoto ni ya mbele, kulia ni ya nyuma. Baiskeli zao zote ziko hivyo. Kocha aliniambia siku ya kwanza, na mimi nilijua, na kwa njia ya kawaida nilikuwa nimezoea. Lakini kulikuwa na mteremko umelowa, mizizi inateleza kama samaki. Nikaogopa. Nilipoogopa, mkono haukunisikia mimi. Ulikusikia wewe. Nikafinya kushoto kwa nguvu zangu zote, gurudumu la mbele likasimama, na mimi nikaendelea peke yangu.

Sikulaumu, Babu. Fundi wao amezibadilisha, sasa ziko kama za nyumbani. Baiskeli haina kosa tena. Kosa limebaki kwangu. Nikifika mahali pa kushuka, vidole vinafunga vyenyewe. Nashuka njia ya watoto wadogo, na wenzangu wanajifanya hawaoni.

Mashindano makubwa ni Austria, tarehe 3 Agosti. Wametuonyesha video. Kuna jiwe moja refu kama nyumba yetu na paa lake. Unafika juu, huoni chini, halafu unashuka usoni mwake. Kando kuna njia ndogo ya kuzunguka, lakini ni ndefu, anayepita pale ameshindwa.

Wewe hukuogopa pale Kisoro? Niambie ulifanya nini na hofu. Na uniambie nishuke au niache. Ukisema niache, nitaacha, nitawaambia babu amekataa, hawatauliza zaidi.

Mjukuu wako,
Rahmah


Kyebando, 1 Julai 2025

Rahmah mjukuu wa simba,

Salaam aleikum. Huku tuko wazima, na kidevu chako kimesalimiwa na mtaa mzima. Abubaker anasema sasa utakuwa na ndevu za uzi.

Umeuliza nilifanya nini na hofu. Hofu gani? Mimi hofu inanijua, ikiniona inavuka barabara. Pale Kisoro nilikuwa naimba. Waya ya breki ilikatika, nikaweka mguu kwa gurudumu, kandambili ikatoa moshi, watu chini wakafikiri nyumba inaungua. Wewe una breki mbili na fundi na helmeti, halafu unaogopa jiwe? Jiwe halina miguu, haliwezi kukufuata.

Sisi Wanubi babu zetu walitembea kutoka Sudan mpaka hapa na bunduki begani na watoto mgongoni. Hakuna aliyeuliza njia ya kuzunguka. Kwa hiyo shuka. Ruhusa nimekupa. Na nimeshawaambia stage, wewe utalipita lile jiwe ukitabasamu.

Paka mafuta kwa bega. Rukiah hajui, mimi ni kaburi.

Babu yako,
Abdunoor


Uswisi, 20 Julai 2025

Babu,

Shikamoo. Natumaini goti halisumbui.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Tunasafiri kwenda Austria wiki ijayo. Nitashuka.

Rahmah


Kyebando, 31 Julai 2025

Rahmah,

Salaam aleikum. Wazima tuko.

Barua yako ilikuwa fupi. Wewe hata ukiomba chumvi unatumia maneno mingi kuliko yale. Nimeisoma kwa jua, nimeisoma kwa kivuli, haikuongezeka.

Umeangalia breki? Usimwamini fundi, shika wewe mwenyewe, zungusha gurudumu uone mkono gani unasimamisha nini. Wasije kukupa nyingine ya kuazima iliyogeuzwa. Angalia asubuhi, angalia tena kabla ya kuanza.

Jiwe likiwa limelowa, wanaahirisha? Uliza. Na kama bega bado linauma, mtu mwenye bega halazimishwi. Nasema tu.

Leo nimepita ule mteremko wetu. Nilisimama juu. Sijui kwa nini zamani niliuona mfupi.

Babu yako


Kyebando, 4 Agosti 2025

Rahmah, salaam. Jana ilikuwa siku ya jiwe. Mandazi zimeliwa. Andika.

Babu


Kyebando, 6 Agosti 2025

Rahmah,

Salaam aleikum. Ujumbe wangu una tiki moja tu. Nimempa Abubaker simu, nikamwambia hii mashine imeharibika. Ameiangalia, amesema, "Mzee, simu yako nzima. Ya Rahmah ndo imezimwa." Akarudisha bila kunitania. Angenitania ningefurahi.

Nilimpigia Okidi. Anasema Wazungu wamemwandikia kwamba uko salama. Salama vipi? Ni Okidi huyu huyu wa kidogo. Mtu amelala hospitali bila kujua jina lake, pia wanasema yuko salama.

Rukiah nimemwambia kule milimani netiweki inakwenda kulisha ng'ombe. Hakucheka. Ameniwekea chakula mara mbili, mara mbili amekifunika na tabaga akarudisha jikoni.

Babu


Kyebando, 9 Agosti 2025

Rahmah,

Ile barua ya mwezi wa saba, ya kusema shuka, ifute. Kama bado hujashuka, usishuke. Kama umeshuka, mtu yeyote aliye na hii simu, mimi ni babu yake, naitwa Abdunoor, nipigie hata kwa Kizungu. Nitaelewa.


Austria, 11 Agosti 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Ni mimi mwenyewe, mzima, kidevu kizima, bega zima. Nimewasha simu leo na barua zako zikaingia pamoja. Nimekaa nazo kwa ngazi za hoteli mpaka mhudumu akaniletea maji.

Sikushuka.

Nilifika juu ya jiwe raundi ya kwanza. Breki nilizikagua asubuhi, zilikuwa sawa. Nilikuwa mbele ya wengi, maana kupanda nilipanda kama wewe. Halafu nikaona ukingo, na nyuma ya ukingo hakuna kitu, na vidole vikafunga. Nikasimama. Nyuma yangu wakapiga kelele, wakanipita kulia na kushoto. Nikatoka juu ya baiskeli, nikaibeba begani, nikapita njia ya kuzunguka kwa miguu. Raundi ya pili hivyo hivyo. Raundi ya tatu hivyo hivyo, na watu wale wale wamesimama na kengele zao, wamenyamaza wakiniona. Raundi ya mwisho wakanitoa, kwa sababu wa kwanza alikuwa karibu kunifikia kutoka nyuma, na sheria yao ndo hiyo.

Nilizima simu kwa sababu ungeuliza habari za jiwe. Ningeweza kukudanganya. Lakini ungeupeleka uongo wangu stage, na mimi nikirudi ningepita pale kila siku.

Mama nimeshampigia sasa hivi. Alilia, halafu akanigombeza, halafu akalia.

Bado mashindano ya mwisho, Slovenia, tarehe 24. Wanasema kuna jiwe lingine. Sijui nifanye nini. Sijui hata kama mimi ni wa ukoo wako.

Rahmah


Kyebando, 12 Agosti 2025

Rahmah, mjukuu wangu,

Marahaba. Uzima wako tumeupata. Barua niliisoma chooni, mlango nimefunga, mama yako akagonga akauliza nalia nini. Nikasema ni vumbi. Akasema, vumbi la chooni? Yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu kama pilipili, kwa hiyo hatukushitakiana. Nimekula sahani mbili.

Kutoka pale nilikwenda stage. Waliponiona wakazima pikipiki, wanafikiri nimeleta msiba. Nikakaa. Nikawaambia, Rahmah wangu amefika juu ya jiwe, mbele ya Wazungu wote, akasimama. Akaliangalia lile jiwe mpaka likaona haya. Kisha akainua baiskeli akaiweka begani kama mtoto amechoka, akashuka nayo na miguu, polepole, na watu elfu na kengele zao wakanyamaza kwa heshima. Sio mara moja. Kila raundi. Abubaker akauliza, "Mzee, wengine je?" Nikasema wengine waliogopa kusimama.

Sasa wanataka niirudie jioni kwa wale wa zamu ya usiku.

Slovenia nenda. Ukifika juu ya hilo jingine, mwili ukikubali, shuka. Ukikataa, beba, tembea. Usisikilize mdomo wangu, mdomo wangu hauna mifupa ya kuvunjika. Mimi nataka mjukuu arudi na miguu yake. Stori niachie, ya jiwe lolote, nitaitengeneza mwenyewe.

Lakini simu usizime tena. Uanguke, usimame, uwe wa mwisho, andika siku ile ile.

Na ukoo usiniulize. Nani mwingine angeniweka siku zote zile bila kula?

Babu yako,
Abdunoor