Kondo Kwenye Friza

Jumatano, 6 Agosti 2025
Profesa Kariuki kaenda redioni. Eti maabara yetu imetengeneza neva, na karibuni waliopooza watasimama. Watasimama! Mimi ndiye ninayezilisha zile seli kila siku. Na ndugu yangu Hamdu ndiye aliyepooza, tangu alipoanguka kwenye paa la makuti kule Ras Kitau.

Tunatoa seli shina kwenye kondo la nyuma la akina mama waliojifungua hapa Nairobi. Tunazitia dawa, zinaota mikia mirefu, ukizitazama kwa darubini utaapa ni neva. Sura tu hiyo. Kazi ya neva haziiwezi. Nilimsihi Profesa aseme "mfano wa neva". Kanijibu hakuna mfadhili wa kugharamia mifano.

Alhamisi, 7 Agosti 2025
Mama kapiga simu. Afra, mke wa Hamdu, kajifungua binti, alhamdulillahi. Redio wameisikia, mtaa mzima! Mama alikuwa anacheka. Sijamsikia akicheka tangu Hamdu aanguke. Nimeomba ruhusa, naenda kwetu Amu, kisiwani Lamu.

Jumamosi, 9 Agosti 2025
Nilifungua friza ya mama nitafute barafu. Katikati ya samaki, kitu kimefungwa kitambaa cheupe. Kondo la yule mtoto!

Kwetu kondo huoshwa, likazikwa uani siku ileile. La Hamdu liko pale karibu na kisima, langu kando yake. Hili mama kalinyima udongo, nipate kumtengenezea Hamdu neva. Jirani yetu Bi Razan alimwambia ni makosa, wakakosana.

Seli zote zimekufa humo frizani. Na hata zingekuwa hai!

Nikasema tulizike. Mama hakukasirika, ndiyo shida.
"Ya watu wa Nairobi yawafaa," akaniuliza. "La mwana wetu lina nini?"
Jibu ninalo. Nikaufunga mlango wa friza.

Jumapili, 10 Agosti 2025
Niliingia kwa Hamdu nimwambie yeye kwanza. Nimemkuta kanyoa, anajipaka mafuta miguuni, anaikunja na kuikunjua kwa mikono yake. Afra kanivuta pembeni: kabla ya redio alikuwa amegeukia ukuta, chakula hataki. Sasa anakula, na mtoto anampakata.

Nikatoka zangu. Profesa huko kwake analala usingizi mnono. Namchukia. Najichukia na mimi.

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Uwanja wa Manda, ng'ambo ya Amu, nangoja ndege. Nimeshindwa.

Asubuhi mama kalitia lile kondo kwenye boksi la barafu, kalizungushia utepe wa gundi mpaka boksi limekuwa jeupe. Nilisema lazima tuzungumze. Kasema tutazungumza nikirudi. Nje, wanaume wanne walikuwa wameshambeba Hamdu kwenye kiti. Hajatoka mlangoni tangu ile siku ya paa! Kaja mpaka gatini, na kanzu yake ya Idi, kulisindikiza kondo. Watu wakatupisha. Bi Razan naye alikuja, akasoma dua.

"Twaa, mwanangu," mama kasema. "Lishike vyema."
Nikatwaa. Ningefanyaje, mbele ya kadamnasi ile?

Sasa niko kwenye foleni ya mizigo. Askari anawauliza walio mbele yangu wamebeba nini. Nitasema samaki. Boksi limeanza kuvuja, viatu vimelowa.

Hamdu kapiga simu. Anauliza wataanza na mguu upi.

Nimemwambia foleni ni ndefu.