Baba na Waingereza Wake wa Chuma

Jumapili, mchana. Mvua imeanza alfajiri na haioneshi dalili ya kuchoka. Njia za mtaa wetu wa Buyenzi ni tope tupu, mafundi wamefunika injini zao kwa maturubai, na mimi nimekimbia na kanga kichwani mpaka hapa cyber kwa sababu nina jambo moja, na sitaki lilale ndani yangu bila kuandikwa.

Waingereza wa Baba wamekuwa namba moja.

Najua, hapo hujaelewa kitu. Ngoja nianze mbali kidogo.

Baba yangu, Mzee Sadiki, alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa makuli pale bandarini. Yeye ndiye aliyesimama ukingoni na kupaza sauti meli ilipokuwa inashushwa mizigo: inua, teremsha, ngoja, wewe toka hapo chini. Alikuwa na sauti ya kusikika mpaka upande wa pili wa gati. Tulipokuwa wadogo tulijivunia sauti ile kama watoto wengine wanavyojivunia gari la baba yao.

Kisha vita vikaja, na vita vikaleta mengine. Nchi jirani zilipotufungia mipaka, meli za kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, zikaadimika. Bandari ikanyamaza. Makuli wakaambiwa wabaki nyumbani wangoje kuitwa, na Baba naye akaambiwa hivyohivyo. Akangoja. Aliketi uani kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, siku baada ya siku. Mwanzoni alikuwa akitukana wanasiasa. Baadaye akaacha kutukana, na hapo ndipo mama yangu alipoanza kuogopa. Chakula akawa anakigusa tu. Ukimsalimia anajibu "marahaba" kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Ndani ya nyumba kulikuwa na kimya ambacho sijakiona tena. Nje risasi, ndani kimya.

Wakati huo nilikuwa katibu katika ofisi moja ya wafadhili huko Kinindo. Bosi wangu alikuwa mama wa Kiingereza, nitamwita Bi Anna. Hali ilipochafuka zaidi, aliamriwa kuondoka haraka. Alituachia wafanyakazi vitu vyake: sufuria, mapazia, vitabu. Mimi nikapata redio-kaseti na boksi la kaseti. Nilizichukua kwa ajili ya redio. Kaseti nilifikiri nitazirekodia taarabu.

Jumamosi moja, nikiwa nasonga ugali, nikaweka moja ya zile kaseti bila kutazama. Ee Mungu wangu! Kwanza ilisikika minyororo ikiburutwa. Kisha nyundo juu ya bati. Kisha gitaa linalolia kama breki za lori linaloteremka mlima wa Bugarama, na chini kabisa mtu ananong'ona maneno yasiyosikika. Baadaye nilisoma kwenye karatasi ya kaseti kwamba hiyo ilikuwa albamu ya kwanza ya bendi ile, na kwamba waliirekodi ndani ya karakana ya meli iliyofungwa, wakipiga vyuma walivyovikuta humo.

Mama akatoka chumbani mbio.

"Zuhura! Iyo redio imeharibika. Peleka kwa fundi!"

Nikanyoosha mkono kuzima. Ndipo sauti ikatoka uani.

"Apana. Usizime."

Baba alikuwa amesimama. Amesimama kabisa, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Iyo ni winchi," akasema. "Winchi ya kukosa grisi. Sikia. Na sasa wanafungua mulango ya stoo... ile ya kusukuma. Unaskia?"

Akaingia ndani, akakaa sakafuni karibu na redio, akasikiliza mpaka upande wa kaseti ukaisha. Halafu akageuza mwenyewe upande wa pili. Siku ile akaomba ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, akala sahani nzima, akaongezwa.  Mama akanitazama, macho yamejaa machozi, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Tangu siku ile bendi ile ikawa mtu wa nyumbani kwetu. Jina lao la Kiingereza ni refu na ulimi wa Baba uliligomea, akawabatiza mwenyewe: Wafua Chuma. Jioni milio ya risasi ilipoanza kutoka upande wa vilima, alipandisha sauti ya kaseti. Jirani mmoja aliwahi kuniambia kwamba wanawe walikuwa wanalala vizuri zaidi kwa makelele ya Baba kuliko kwa yale mengine.

Nilipompelekea Bi Anna salamu kwa njia ya wenzake wa ofisini, nilimweleza habari za baba yangu. Alicheka sana, nikaambiwa. Akajibu kwamba huko kwao albamu ile ya kwanza haikununuliwa na mtu, yeye aliinunua kwa sababu kaka yake alikuwa amesoma shule moja na mpiga ngoma. Haikuingia kwenye chati yoyote. Nilipomwambia Baba, aliudhika kweli.

"Bazungu habana masikio?"

Albamu ya pili Bi Anna alitutumia kwa mkono wa mgeni aliyekuja kikazi. Ilikuwa na wimbo mmoja tu upande wa kwanza, mrefu, umejaa ving'ora vya meli vya wakati wa ukungu na sauti za wanawake wakihesabu. Mimi, nisemapo kweli, uliniumiza kichwa. Lakini wiki zilezile, kwenye redio ya Kiingereza ya masafa mafupi, katika kipindi cha Jumamosi cha albamu zinazouzwa zaidi, nikasikia jina lao. Wameingia kwenye arobaini bora. Mkiani kabisa, ya thelathini na nane.

Niliruka kama mtu aliyeumwa na siafu. Baba hakuelewa chati ni nini. Nikamweleza kwamba ni kama ligi, timu zinapanda na kushuka, na huko juu ni mmoja tu.

Basi nimekwisha! Kila Jumamosi alasiri, akishaswali, anaketi mbele ya redio. Alijifunza tarakimu za Kiingereza ili asinitegemee. Mtu wa umri wake, aliyeishi miaka yote bila Kiingereza, sasa anatembea uani akisema "tati-eiti, tati-seveni". Wiki ya pili bendi ikaanguka nje ya chati. Alikaa na huzuni kama aliyefiwa. Kwenye baraza la kahawa, wenzake walipozungumza mpira, yeye alizungumza Wafua Chuma. Walimcheka. Walimuuliza timu yake inacheza uwanja gani. Hakujali hata kidogo.

Sasa nifike kwenye kile ambacho mpaka leo Mama hapendi kukisikia.

Mipaka ilifunguliwa. Siku moja habari zikaenea Buyenzi kwamba kuna meli kubwa inashusha mizigo. Baba akavaa shati lake la kazi, akachukua redio-kaseti, akatia betri mpya na kaseti tupu, akaondoka kwa miguu bila kuaga. Mawazo yake yalikuwa haya, alinieleza baadaye: wale Waingereza wanapiga chuma cha karakana iliyokufa. Yeye atawapelekea chuma kizima, winchi inayofanya kazi, honi ya kweli, na Bi Anna atawafikishia. Huenda wakakihitaji.

Hakufikiria kwamba vita bado vinaendelea. Mzee anayeketi nyuma ya magunia bandarini na mashine ya kurekodi! Askari wakamshika.

Aliyeniletea habari ni kuli mmoja anayemheshimu Baba. Alifika Kinindo akihema, akasimama kwenye geti la ofisi, akaniambia: "Dada Zuhura, muzee wako bamemufunga. Banasema ni espion."

Espion, yaani jasusi. Siku zile mtu alikuwa akichukuliwa asubuhi, na mke wake anazunguka vituo vyote mpaka viatu vinaisha. Nilipitia nyumbani, sikumwambia Mama kitu, nikachukua kaseti ya kwanza ya Wafua Chuma pamoja na karatasi yake yenye picha. Nikatoka na mkoba wazi.

Kituo kilikuwa chumba kimoja karibu na bandari. Baba ameketi kwenye benchi bila viatu. Redio iko mezani. Nyuma ya meza kulikuwa na ofisa kijana, mpole wa uso, lakini upole wa uso siku zile haukumaanisha chochote.

"Mama, huyu ni muzazi wako?" akaniuliza.

"Ndiyo, chef," nikajibu, maana kwetu mkubwa mwenye sare huitwa hivyo.

"Alikuwa anarekodi bandari. Kwa nani?"

"Kwa wanamuziki, chef."

Nilisikia jinsi ilivyotoka kinywani mwangu, nikajua tumekwisha. Ofisa akabonyeza kaseti ya Baba. Winchi. Minyororo. Watu wakiitana. Honi ya meli, ndefu, mpaka kioo cha dirisha kikalia.

"Hii ni muziki?"

Baba akataka kujibu, nikamkanyaga mguu. Nikatoa ile kaseti yangu, nikaomba ruhusa kwa mikono miwili kama anayeomba maji, nikaiweka. Ikaanza: minyororo, nyundo, bati, yule mtu wa kunong'ona.

Ofisa alisikiliza. Akatazama karatasi ya kaseti, vijana wanne wenye nywele chafu mbele ya meli yenye kutu. Akasikiliza tena. Askari mwingine akaingia kutazama kuna nini, akabaki amesimama mlangoni.

"Donc, yaani," ofisa akasema mwishowe, "bazungu banatoa feza yao kununua hii?"

"Wengi hawakununua, chef," nikajibu. "Lakini ya pili iliingia kwenye chati."

"Tati-eiti," Baba akasema kutoka kwenye benchi, kwa heshima kubwa.

Yule askari wa mlangoni ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuzuia, akashindwa. Kisha ofisa. Walicheka mpaka ofisa akavua kofia. Mimi nilikuwa natafuta kwa macho viatu vya Baba viko wapi.

Baba akarudishiwa viatu. Lakini kaseti ya bandari, ofisa alisema, haiwezi kutoka pale na sauti ile ndani yake, hiyo ni amri na si yeye aliyeitunga. Akaifuta mbele yetu, mwanzo mpaka mwisho, kidole juu ya kitufe.  Baba hakubisha. Tulipotoka, nilitaka kumgombeza njia nzima, maneno nilikuwa nayo tele. Nikamtazama. Alikuwa anatabasamu.

"Umeskia ile honi?" akaniuliza. "Inafanya kazi, Zuhura. Winchi nayo inafanya kazi."

Nikamshika mkono, tukaenda nyumbani hivyo, mimi mwanamke mzima namshika baba yangu mkono barabarani. Bandari ilimwita tena, akafanya kazi mpaka mguu ulipomkataa.

Albamu ya tatu ilifika namba kumi na moja. Akagawa kahawa barazani kwa watu wote.

Sasa jana. Albamu ya nne imetoka, na kipindi cha Jumamosi kinasema kuna jina jipya huko juu. Tumeketi, mimi, Baba, na Mama anachambua mchele akijifanya hasikilizi. Mtangazaji anashuka, kumi, tisa, nane. Wafua Chuma hawamo. Tano, nne. Baba akanywea. Akaanza kutafuta fimbo yake ainuke. "Wamekosa," akasema. "Basi, mwaka mwingine."

"Kaa!" Ni Mama aliyesema, siyo mimi.

Namba moja ni wao.

Nilipiga kigelegele peke yangu. Halafu wimbo wa kwanza wa albamu hiyo ukaanza, na kigelegele kikanifia mdomoni. Hakuna mnyororo. Hakuna nyundo. Kinanda tu, taratibu, na yule mtu wa kunong'ona sasa anaimba, sauti yake yote iko wazi, sauti nzuri hata. Sikuthubutu kumtazama Baba. Niliona aibu kwa niaba yao, kama vile mimi ndiye niliyeviuza vile vyuma.

Wimbo ukaisha. Baba akazima redio. 

"Chuma kiko wapi?" akauliza.

"Sijui, Baba."

Akaenda kuswali. Alikawia. Aliporudi akakaa karibu yangu, akaweka fimbo chini.

"Zuhura. Hawa vijana, bana batoto sasa?"

"Kama wana watoto sijui, Baba. Inawezekana. Miaka imepita."

"Bana batoto," akasema, kama aliyeambiwa na mtu anayejua. "Umeskia vile anapiga? Iko mutoto analala kwa chumba ya pili."

Mama aliacha kuchambua mchele.

Mimi nikakumbuka kitu ambacho sikuwa nimekifikiria tangu utotoni. Yule kapita wa bandari, mwenye sauti ya kuvuka gati, alipotoka zamu ya usiku alivua viatu vyake nje kabisa, kwenye mawe, akavishika mkononi, akaingia ndani kwa vidole vya miguu. Tulikuwa watoto sita katika chumba kimoja. Hakuna siku aliyotuamsha.

Baba akawasha tena redio, akaacha masafa yakiunguruma, labda wataurudia wimbo ule.

Mvua inapungua. Mwenye cyber ananitazama. Nimwagizie Baba hii albamu mpya, au nimwachie zile tatu za chuma? Nikifika nyumbani nitamuuliza, na nadhani jibu atakuwa nalo Mama.