Kabla Hujatia Sahihi, Tazama Benchi

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam alaykum. Vipi afya yako, na hiyo baridi ya Uholanzi inakuacha upumue? Sisi hapa Erdington wazima, alhamdulillahi. Mama yako kahamia mtaa wa Shard End, na babu yako bado anagombana na goti lake.

Umeniuliza kama utie sahihi kwenye hiyo timu ya magongo. Video zote nimezitazama, na moyo haujatulia. Washambuliaji wana kasi, kipa hodari, lakini mabeki umri umewatupa mkono. Wakiumia, nani ataingia? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, maana ni riziki yako.

Nilipokuwa msichana nikicheza magongo Tanga, raba hazikututosha sote. Sisi wa akiba tuliwaazima zetu wanaocheza, tukakaa benchi pekupeku. Siku moja Mwanaidi, beki aliyevaa zangu, aliteguka mguu. Akatolewa analia, nikadhani hataki kusemeshwa. Kumbe keshaanza kufungua kamba. "Njoo upesi, bibiye, zina joto bado! Na yule mrefu usimwache, anapenda kupita upande wa kulia!" Siku ile tulifungwa, lakini timu ilidumu, kwani kila aliyetoka alimwandaa anayeingia.

Basi nenda mazoezini kwao, uone hao mabeki wazee wanasema nini na wasichana wa benchi. Wakiwafundisha, nitatulia. Wakiwapa mgongo, hapo naogopa, mwanangu.

Swali istikhara, Mungu akuongoze katika kuchagua, na kalamu usiishike mpaka uniambie umeona nini. Nijibu upesi.

Bibi yako,
Zuhura