Mama yangu ukutani

Mjini Baraka, Jumatano, mwezi wa sita 1956

Ule mchoro umefutwa. Mikono ingali inanuka udongo.

Jumapili nilimchora mama yangu kwa udongo kwenye ukuta wa nyumba, ameinama chini ya kikapu cha pamba tunayolazimishwa kulima. Alipofika kutoka kijijini kwake Lubondja akacheka: "Huyu iko mi!" Hajapigwa picha hata siku moja.

Leo polisi wa chefu, mkuu wa eneo letu, amesema mchoro unatukana Serikali. Mume wangu, mwalimu, akanisihi: "Futa, mama Furaha. Batanifukuza kazi."

Mama yangu mwenyewe akaniletea maji.

"Anza na uso," akasema, "mambo iishe mbio."

Nikaanza na kikapu, kisha mgongo. Usoni mkono ukagoma. Akachukua tambara, akajifuta mwenyewe ukutani.