Bwana Harusi wa Kuazima

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Imekuja! Nilikuwa katikati ya kichwa cha mteja, upande wa kushoto umeshasukwa, wa kulia bado umesimama wima, ujumbe ukaingia kwenye simu — intavyuu ya viza, Joburg, Jumanne ijayo tarehe 10. Nikapiga yowe. Mteja akaruka kwenye kiti. Mama Huguette, mwenye saluni, akadhani nimejimwagia maji ya moto. Alipoelewa akaanza kucheza palepale kati ya viti, kitana mkononi.

Daftari hili ni jipya, halinijui, kwa hiyo nalieleza mara moja tu. Mume wangu Serge ni askari wa jeshi la Marekani na kituo chake kiko Ujerumani. Ni Mkongo wa Fizi, kakulia kambini Nyarugusu, akahamishiwa Marekani na wazazi wake, akaingia jeshini, akapata uraia. Mimi ni Coletha, Mtanzania wa Bukoba, nasuka nywele mtaa wa Point, Durban, Afrika Kusini. Nchi tano kwenye ndoa moja! Tuna mwaka mmoja wa ndoa. Tumekaa pamoja siku kumi na moja.

Mwanasheria wa jeshi kule kwao alishatupangia. Kwanza viza ya kuhamia Marekani, niingie kule, nipate kadi ya ukaazi. Kisha jina langu liandikwe kwenye amri za kazi za Serge, nikaishi naye Ujerumani kama familia ya askari. Lakini nikifika lazima awe amebakiza angalau mwaka, na yeye anamaliza Desemba mwakani. Kwa hiyo mwisho wa Novemba hii niwe nimeshatua. Nikichelewa, anamaliza peke yake na mimi naendelea kulala na mto.

Nimechoka kulala na mto.

Jumatano, 4 Septemba

Nimekwenda Queensburgh, pembeni ya Durban, kumwambia baba mdogo Ladislaus. Amefurahi, ila hakuelewa hata kidogo. Unakwenda Marekani au Ujerumani? Marekani, baba, halafu Ujerumani. Marekani utakaa muda gani? Wiki moja tu, nagusa. "Unagusa," akarudia, akaweka kijiko chini. Nikamweleza kwamba nikikaa Ujerumani na mume wangu kwa amri ya jeshi, siku zangu zinahesabiwa kama niko Marekani. Na uraia naweza kuomba mapema, bila kungoja ile miaka mitatu ya wake wengine.

Akamtazama mama mdogo Scola. Akanitazama mimi. Akasema yeye ana miaka kumi na tisa hapa, mguu hajautoa Queensburgh, na kwenye karatasi za serikali ya hapa bado hawana uhakika kama yupo. Wewe utakuwa Ujerumani na wakuhesabu uko Marekani! Mama mdogo alicheka mpaka akatoka nje.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa nimekwenda kwa shemeji Ruphin na mkewe Mireille kutengeneza albamu. Ruphin ni mdogo wake Serge, ana duka la simu ukuta kwa ukuta na saluni yetu. Mwanasheria alisema nipeleke ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli: cheti, meseji, picha za harusi. Picha tunazo! Mia mbili na zaidi!

Yaani ile sherehe ya mahari Juni mwaka jana — Wakongo wanaiita dot — ilikuwa harusi hasa. Ukumbi umejaa, vitenge sare, wazee wametoka mpaka Lubumbashi. Serge peke yake ndiye hakuwepo. Jeshi lilimnyima likizo siku za mwisho, na huwezi kuwarudisha wazee Lubumbashi wakiwa na njaa. Ikawa kama desturi inavyotaka: mdogo mtu asimame badala ya kaka. Ruphin akavaa suti, akakaa kwenye kiti cha bwana harusi, nikampigia magoti na kumpa glasi ya Fanta mbele ya ukoo wote. Septemba Serge akaja, tukasaini ndoa ya serikali hapahapa Durban. Siku hiyo hakuna aliyepiga picha. Ya nini? Kwetu sote harusi ilishapita!

Tumechagua picha arobaini. Mireille ndiye mchaguzi mkuu. "Tia na hii! Angalia namna munafurahi!" Hiyo ni ya Ruphin ananilisha keki. Ruphin akauliza kama zile zangu na Serge zipo pia. Ipo moja, ufukweni South Beach, upepo umenifunika uso kwa nywele na Serge kafumba macho. Mbaya! Nimeibandika mwisho kabisa.

Jumanne, 10 Septemba

Naandika ndani ya basi la kurudi. 

Afisa ni dada mdogo tu, miwani, mpole. Cheti kakikubali. Kafungua albamu. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Akaniuliza mume wangu ni yupi hapa. Nikamwambia kwenye hizo hayupo. Akageuza ukurasa. Na huyu unayempigia magoti? Mdogo wa mume wangu. Anayekulisha keki? Huyohuyo. Ana mke? Nikafurahi kusikia swali zuri. Ndiyo! Mke wake ni huyu hapa nyuma, anayepiga vigelegele!

Nilidhani hilo litasaidia.

Halafu nikazidi kuharibu. Nikaanza kueleza desturi kwa Kiingereza changu cha saluni, nikasema siku ile Ruphin alikuwa mume wangu, siku moja tu. Kalamu yake ikasimama hewani. Akasema taratibu kwamba ndoa ambayo mmoja hayupo ni jambo wanaloliangalia kwa makini sana. Nikamwonyesha tena cheti cha Septemba, tulikuwepo wote wawili, tulisaini! Akasema cheti anakiona. Anachotaka kuona ni ndoa.

Hawajaninyima. Wamenipa karatasi: nirudi tarehe 8 Oktoba na maelezo ya huyo mwanamume wa kwenye picha, na ikiwezekana mume mwenyewe aje.

Mume mwenyewe! Kama ningekuwa naweza kumleta ninapotaka, ningekuwa napanga foleni ya viza kwa ajili ya nini?

Jumatano, 11 Septemba

Sisemi na mtu. Nimesuka vichwa vitatu kwa hasira, wateja wote wamelalamika nakaza.

Alhamisi, 12 Septemba

Ruphin anapita ng'ambo ya barabara ili asionekane na saluni. Mtu mzima! Nimemwita kwa kelele. Kaja kainamisha kichwa, anasema amemharibia kaka yake ndoa kwa kula keki. Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Mama Huguette akamwambia asijali, bwana arusi kama yeye hata Amerika nzima haina, kavaa suti na hakulipa kitu. Jina limeshamganda. Mpaka wauza ndizi wa kona wanamwita Bwana Arusi.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma. Mireille kasema yeye ndiye atakayetoa maelezo, kwa kiapo, polisi, na muhuri juu. Tukaenda kituoni. Askari wa zamu mwanamke, Mzulu, mnene mzuri, akachukua fomu. Mireille akaanza kwa Kiingereza, kikamwishia njiani, akanigeukia: "Weye mutafsirie. Ule mwanaume njo bwana yangu. Nilimuazimisha siku moja, tangu saa nane mpaka jua kuzama. Kisha nilimurudisha ku nyumba. Sikumuuzisha!"

Nikatafsiri. Yule askari akaweka kalamu chini. "Hawu, sisi!" — kwao sisi ni dada. Akaomba kuona picha. Akamwita mwenzake naye aje kuona. Nikajiandaa kudharauliwa. Kumbe! Akasema siku ya lobola yake, yaani mahari, mchumba wake hakuingia hata ndani, aliachwa kwenye gari, baba zake ndio walioongea kila kitu. Sasa hao wa viza wanashangaa nini? Eish! Akaandika yote, hata lile la jua kuzama, akagonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikaruka.

Njiani Mireille akaniambia, taratibu, kwamba siku ile ya dot alikuwa na wivu kidogo. Kidogo tu, pale kwenye keki. Akasema alivumilia kwa sababu anampenda shemeji yake na alitaka awe na mke. Sikujua. Nimemkumbatia katikati ya watu, taa za robot zimewaka kijani, taxi zote zinatupigia honi.

Jumapili, 15 Septemba

Serge kapiga. Nimemsomea kiapo cha Mireille chote. Alicheka. Akasema: nimewaachia ninyi harusi yangu, na sasa nawaachia na intavyuu. Nikamwambia aache ujinga. Lakini nilipokata simu nililia. Nampenda huyu mtu. Nampenda na sura yake naijua zaidi kwenye kioo cha simu, ya ukubwa wa kiganja.

Ijumaa, 20 Septemba

KAPEWA! Siku nne! Kazunguka na fomu ya likizo ofisi tatu, ya mwisho sajenti wake kasoma barua ya viza, kauliza huyu mwanamume wa kwenye picha ni nani, Serge kaeleza, sajenti kasaini akiwa anacheka. Anatua Joburg asubuhi ileile ya tarehe 8. Mwanasheria wa jeshi kasema viza ikitoka Oktoba bado tunawahi Novemba, lakini nafasi ya kukosea tena haipo.

Nafasi ya kukosea haipo. Nimeiandika ili niizoee.

Jumatatu, 7 Oktoba

Gauni la bluu au la kijani? Mama Huguette kasema la bluu, Mireille kasema la kijani, Ruphin kasema yeye hana maoni kuhusu nguo za mke wa mtu tena maishani mwake. Nimevaa la bluu. Albamu mpya: picha za simu ya video, meseji za mwaka mzima, na za dot nimeziacha tano tu. Chini ya kila moja ya hizo tano nimeandika kwa herufi kubwa: HUYU SI MUME WANGU.

Basi linaondoka.

Jumanne, 8 Oktoba

Niko ndani. Kiti cha plastiki, simu zimebaki getini, daftari wameniachia.

Nimemwona! Kwenye foleni, saa moja asubuhi, begi mgongoni, katoka uwanja wa ndege moja kwa moja. Amekonda. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima na nikasema, "Umekula?" Akasema hajala. Nikalia mbele ya mlinzi, watu wanatuzunguka kuingia, Serge ananifuta uso kwa mkono wa shati lake. Ni mrefu kuliko nilivyokumbuka.

Dada ni yuleyule wa miwani. Kasoma kiapo cha Mireille na kauma mdomo asicheke, nimemwona kabisa! Kisha katutenganisha. Mimi kwanza. Tulikutanaje — rahisi, alikuja kumsalimia Ruphin, akakuta nimekaa dukani nabadilisha kioo cha simu. Majina ya wazazi wake — rahisi. Anaogopa nini? Mbwa. Analala upande gani? Wa ukutani. Nikapata raha, nikawa najibu hata kabla hajamaliza. Chai anakunywaje? Bila sukari, tangawizi nyingi! Akaandika. Akaniambia nikae nje, Serge akaingia.

Ndipo nikakumbuka. Bila sukari, tangawizi nyingi, ni Ruphin! Ruphin ndiye ninayemwekea chai kila Jumapili. Serge... Nafikiria. Zile siku kumi na moja tulikuwa tunakula nje, samaki, chipsi, soda ya baridi, na asubuhi kahawa ya dukani kwa sababu hakuna aliyetaka kutoka kitandani akapike. Chai sijawahi kumpa. Najua anaota nini, najua jina la mwalimu wake wa darasa la tatu Nyarugusu, na sijui kama anatia sukari! Na sasa hivi, nyuma ya mlango ule, anaulizwa.

Nimeshika kichwa dakika nzima. Novemba inaondoka hivi hivi, kwa kijiko cha sukari. Halafu hasira zikanipanda, na zimenisaidia.

Mlango umefunguliwa. Dada ananiita kwa mkono, Serge amesimama nyuma yake, uso wake siwezi kuusoma. Naenda. Sibabaiki, sidanganyi. Namwambia hivi: sijui mume wangu anakunywaje chai, dada, kwa sababu bado hamjaniruhusu kumpikia.